Geti Lililolindwa Kuliko Yote

Aliyeandika habari hizi alimkosea Kengele tangu siku ya kwanza, na alimkosea kwa namna ambayo watu waliosoma huipenda: kwa kumwelewa haraka mno. Alikuwa ameketi safu ya nyuma katika ukumbi wa halmashauri, kikombe cha chai mkononi, mgeni mwalikwa ambaye sifa yake ya pekee ilikuwa shahada, pale mwanamke mmoja mnene, mwenye umri unaonyemelea uzee, aliposimama katikati ya makofi na kuanza kufoka. Jirani wa kiti cha pili akamnong'oneza mgeni kwamba mjukuu wa mama yule alikosa nafasi kwenye kura ya watoto. Maelezo hayo yakamtosha. Mgeni akajiambia kwamba huu ni uchungu wa kushindwa. Una haki yake, lakini kura ni kura. Akamalizia chai. Zilipita safari nyingi za kwenda kukaa kwenye benchi la mama huyo kabla hajatambua kwamba aliyekuwa akifoka ukumbini alikuwa mtu aliyetimiza ahadi yake yote, kisha akaachwa nayo mkononi kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Jina la Kengele alilipata hospitalini, ambako kwa miaka mingi alipiga deki korido. Kila alipomwaga maji ya sabuni alipaza sauti, "Sakafu mbichi! Sakafu mbichi!" na wagonjwa wa wodi ya mwisho, hata wale waliopewa dawa ya usingizi, wakaamka. Muuguzi mmoja alisema hospitali haina haja ya kununua kengele ya kubadilishia zamu, na jina likanasa kama gundi. Sauti hiyo ndiyo aliyomlelea binti yake wa pekee baada ya mumewe kufariki. Ndiyo iliyowanyamazisha wenye nyumba waliokuja kugonga mlango kwa ubabe. Na ndiyo iliyompatia kazi ya mwisho ya maisha yake, ya mlezi mkuu katika kituo cha kulelea watoto wa wachuuzi na vibarua wa soko.

Kituo kilikuwa ndani ya karakana ya zamani ya useremala, ubavuni mwa soko. Halmashauri ilikuwa imemtoa seremala aliyepanga pale, ambaye alikuwa shemeji yake Kengele, mdogo wa marehemu. Kisha ikamwajiri huyohuyo aigeuze iwe nyumba ya watoto. "Wamenifukuza kwa mlango wa mbele, wakaniita kwa mlango wa nyuma," shemeji alipenda kusema, "na milango yote miwili nimeitengeneza mimi." Alitengeneza rafu fupi, meza za kimo cha goti, na misumari ya kutundikia mifuko, kila msumari na picha yake juu: mwavuli, ufunguo, samaki, kijiko. Mtoto ambaye bado hakujua kutamka jina la mama yake alijua kwamba yeye ni wa mwavuli. Unga wa mbao haukuisha kutoka kwenye nyufa za sakafu hata ungefagia mara ngapi, na asubuhi jua lilipopenya kati ya mbao za ukuta wa nyuma, ambazo hazikuwahi kukutana sawasawa, chumba kizima kilielea vumbi la dhahabu na chafya. Mwisho wa yote shemeji alitengeneza geti, zito, la mbao ngumu, na bawaba tatu za chuma.

Aliyekileta kituo alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu bapa na subira isiyo ya kawaida, ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha. Wiki ya kwanza akina mama walimpelekea watoto wenye mafua.

"Mimi ni daktari wa uchumi," aliwaeleza.

Muuza viazi akamtazama toka unyayo hadi utosi. "Basi mtibu huo," akasema, "maana nao uko hoi."

Daktari alicheka pamoja nao, akaeleza. Mikeka ni michache, watoto ni wengi. Badala ya kuwachagua wanaojuana na wakubwa, itapigwa kura mbele ya macho ya wote. Waliopata wataingia, waliokosa watabaki kama walivyokuwa, na kwa miaka miwili makundi yote mawili yatatembelewa na kuulizwa maswali yaleyale. Nani anafanya kazi, nani ameacha, mtoto anakula nini, anasema nini. Ikionekana tofauti, itajulikana kwamba imeletwa na kituo wala si na kitu kingine, na serikali, ambayo imechoka kumwaga fedha katika miradi isiyojulikana kama inafaa, imeahidi kufungua kituo katika kila soko.

"Kila soko?" Kengele aliuliza.

"Hiyo ndiyo ahadi niliyopewa, mama."

"Na waliokosa hapa?"

"Wa hapa watakuwa wa kwanza. Lakini lazima geti lishike. Walio nje wakipata wanachopata walio ndani, hatutaona tofauti. Na tusipoona tofauti, hapatafunguliwa kitu."

Kengele aliyameza maneno hayo mazima. Hajawahi kuyatema.

Kura ilipigwa uwanjani mwa soko, kwa gololi ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa: buluu ni ndani, nyeupe ni nje. Kipaza sauti hakikuwapo, lakini Kengele alikuwapo. Kila mama alipochomoa gololi na kuiinua, yeye aliitangaza, na wachuuzi wa samaki upande wa pili wa soko walisikia. Buluu, vigelegele. Nyeupe, kimya, kisha anayefuata. Muuza viazi alichomoa nyeupe, akaitazama kama vile imemtusi. Zamu ya binti yake Kengele ilifika mtoto akiwa mgongoni, mtoto mwembamba, mwepesi wa kuwaka, ambaye nyumbani walimwita Kibiriti. Binti aliingiza mkono, akautoa, akaufumbua. Wote waliokuwa karibu waligeuka kumtazama bibi wa mtoto.

"Nyeupe!" alitangaza Kengele, kwa sauti ileile.

Watu walimsifu kwa hilo. Muuza viazi alifika hadi kumshika mkono. Kura ilikuwa ya haki, na ushahidi wa haki yake ulikuwa umetoka kinywani mwa mwenye uchungu. Aliyeandika habari hizi amejaribu mara nyingi kutafuta njia bora kuliko ile ya kugawa mikeka isiyotosha, na hajaipata. Hilo linapaswa kusemwa, hata kama halimsaidii mtu yeyote katika simulizi hii.

Binti yake Kengele alikuwa mpiga pasi katika dobi kubwa lililofua mashuka ya mahoteli. Mama na binti waliishi pamoja, vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia, na binti alikuwa ameambiwa kwamba mwezi ujao huenda akafanywa kiongozi wa zamu. Kibiriti aliachwa kwa jirani. Jirani naye alikuwa na magoti yaliyouma siku za baridi, na siku za baridi zilianza mapema mwaka ule.

Asubuhi moja binti akasimama getini, mtoto kiunoni, mfuko begani.

"Mama, leo tu. Jirani hawezi hata kuinuka."

"Leo tu ndilo jina la kila siku."

"Nani ataona?"

"Mimi."

"Wewe ni mama yangu!"

"Jana nilimrudisha muuza viazi hapahapa uliposimama. Alilia hadi wapita njia wakadhani nimemwibia. Akipita leo akamwona Kibiriti ndani, nimwambie nini?"

"Mwambie una mjukuu."

Kengele alishika geti kwa mikono miwili. "Miaka miwili, mwanangu. Jikaze. Ikiisha hii, watafungua kila mahali. Wewe ndiwe wa kwanza kuingia."

"Mtoto hakui kwa ahadi," alisema binti, akageuka.

Siku hiyo alimpeleka Kibiriti dobini na kumficha katika kapu la mashuka machafu, mbali na pasi. Mtoto alilala hadi karibu na mchana, kisha akaamka na kufanya kile ambacho watoto hufanya wakiamka gizani. Jioni binti alirudi nyumbani bila kazi. Hakulalamika. Alimtua mtoto, akamtazama mama yake aliyekuwa akivua viatu, akasema kwa adabu kamili:

"Shikamoo, Mlinzi."

Tangu hapo hakumwita mama tena ila mbele za wageni. Alianza kufua nguo nyumba kwa nyumba, Kibiriti mgongoni, na beseni kichwani.

Sasa lipo jambo ambalo Kengele alilifanya kwa hiari yake, na ambalo hakuna mtu angelifanya isipokuwa yeye. Kituoni kulikuwa na nyimbo. Wimbo wa kunawa, wimbo wa kulala, wimbo wa kukusanya viatu, wimbo mrefu wa mwavuli uliokataa kufunguka mvua iliponyesha; nyingi alizitunga mwenyewe, na watoto walizungumza kwa kuzifuata kama vile mtu anavyotembea kwa kushika ukuta. Jioni, nyumbani, Kibiriti alijikokota hadi miguuni pake akitaka mchezo. Naye Kengele, ambaye mchana kutwa alikuwa hafungi mdomo, alinyamaza. Alimpakata, alimlisha, alimfuta makamasi. Hakumwimbia. Alikuwa amelipima jambo hilo kwa akili yake mwenyewe: kama kinachowapa watoto maneno ni zile nyimbo, na yeye akizitoa getini hadi nyumbani kwake, basi geti litakuwa limefungwa kwa watoto wa wenzake tu. Atakuwa ameiba tofauti. Na bila tofauti, hapatafunguliwa kitu. Basi akauma meno, akanyamaza, na binti yake upande wa pili wa pazia akamsikia akinyamaza.

Wadadisi, wale wa kuuliza maswali ya utafiti, walipokuja, Kengele alikuwa chumbani kwake na mvua inapiga bati. Aliyekuja alikuwa kijana wa kike mwenye sauti nyororo, akiwa na kishikwambi kilichofunikwa mfuko wa nailoni; aliketi na binti upande wa pili wa pazia.

"Dada, katika wiki iliyopita, ulipokuwa kazini, mtoto alikaa na nani zaidi?"

"Mgongo wangu."

"Nitaandika ni mama mwenyewe. Je, yupo ndugu wa karibu anayeweza kusaidia malezi?"

"Yupo. Andika hivi: bibi yake analea watoto wa wengine."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, dada."

"Nilijua."

Kisha zamu ya Kibiriti. Vibao vya mbao vya kupanga, akavipanga, akaviangusha, akacheka. Mdadisi akamwonyesha picha. Hiki nini? Kimya. Na hiki? Kimya. Nyuma ya pazia Kengele alijua kwa mpangilio wa maswali kwamba sasa ni mwavuli, kwa kuwa wenzake Kibiriti walioulizwa kituoni waliutaja kwa kelele. Kibiriti hakuutaja. Alikuwa ananung'unika kitu puani, kitu kama uimbaji, hata mdadisi akamwomba binti amtulize mtoto kidogo. Mvua ilikuwa kubwa. Kengele alidhani ni redio ya jirani. Akajifuta uso kwa upande wa kiganja, akajiambia: hiyo ndiyo tofauti. Hiyo ndiyo waliyoitaka. Waione basi, upesi, yaishe.

Na miaka miwili ikaisha.

Ukumbi wa halmashauri ulipambwa kwa vitambaa, na safu za mbele walikaa wakubwa. Akina mama wa gololi zote mbili walialikwa, buluu na nyeupe, nao binti yake Kengele akaja, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa kwamba leo ndiyo leo. Alikaa peke yake, Kibiriti mapajani, macho yakimtazama Mlinzi kwa ubaridi, lakini yakitazama. Kengele alimwambia aliyeandika habari hizi baadaye kwamba kwa siku ile alikuwa amefua gauni lake mara mbili.

Daktari alionyesha michoro ukutani. Alikuwa na furaha. Tofauti ilikuwapo. Akina mama wa buluu walikuwa wameshika kazi zao, wengine wamepanda. Watoto wao walikuwa mbele kwa maneno, na umbali huo ulionekana bila kukodoa macho. Ukumbi ukapiga makofi. Muuza viazi, ambaye gololi yake ilikuwa nyeupe, alipiga makofi kuliko wote, kwa sababu aliyachukulia matokeo yale kuwa hati ya nafasi ya mwanawe.

Kisha mkurugenzi kutoka wizarani akasimama, mtu nadhifu, mpole.

"Matokeo haya yanatia moyo sana," alisema. "Yanatia moyo kiasi kwamba wizara imeona upo umuhimu wa kufanya utafiti wa pili, katika masoko mengine, ili tujiridhishe kabla ya kufikia uamuzi. Kituo cha hapa, kama mjuavyo, kilikuwa cha majaribio. Muda wake unaisha mwisho wa mwezi huu, na jengo litarejeshwa halmashauri."

Makofi yalikufa kwa mafungu, safu moja baada ya nyingine, kadiri maneno yalivyoeleweka.

"Lakini kabla ya hapo," mkurugenzi aliendelea, "tuna mtu wa kumpongeza. Vituo vya majaribio vilikuwa vitatu, katika masoko matatu. Katika viwili, tumegundua, watoto ambao hawakuchaguliwa waliingizwa kinyemela. Kituo kimoja tu ndicho ambamo hakupenyezwa hata mtoto mmoja. Tungependa mama huyu apokee cheti, na tunamwomba aende akawafundishe walinzi wa mageti katika masoko mapya."

Hivyo ndivyo Kengele alivyovikwa kilemba cha ukoka mbele ya binti yake. Safu za mbele zilipiga makofi, naye akanyanyuka. Watu walidhani anaenda kupokea.

"Mlisema mkijua, mtafungua," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Mmejua?"

"Mama, tumejua kwa kiasi—"

"Kwa kiasi gani? Mimi nilifunga kwa kiasi?"

"Sayansi, mama yangu, inahitaji—"

"Nimekuuliza! Mtoto wa huyu hapa" — alimwonyesha muuza viazi — "nilimrudisha kwa kiasi? Huyu mwanangu, kazi aliipoteza kwa kiasi? Mmekaa miaka miwili mnawauliza wenye njaa kama wana njaa. Wamewajibu. Hakuna aliyewafungia mlango. Hakuna aliyewaambia njoo kesho nijiridhishe. Sasa mmeambiwa, mnasema mkawaulize wengine?"

Hapo angekaa, angeshinda. Lakini hasira haijui mahali pa kukaa. Aliendelea, akajikwaa, akatafuta neno la kuwaita watu wale, likamkimbia. "Nyinyi ni... nyinyi ni..." Na kwa kuwa maneno yake yote makali aliyapata korido ya hospitali, akapayuka: "Mnakanyaga palipopigwa deki!"

Ukumbi ukacheka. Walicheka wakubwa, wakacheka na baadhi ya akina mama, kicheko cha kutua mzigo. Mkurugenzi naye akatabasamu kwa huruma, akasema ameuchukua ushauri wa mama. Mgeni wa safu ya nyuma, yule wa chai, pia alitabasamu. Kengele alikaa. Alipogeuka kutazama, kiti cha binti yake kilikuwa kitupu.

Jambo linaloudhi zaidi, ukilitafakari kwa utulivu ambao Kengele hakuwa nao, ni kwamba mkurugenzi hakusema upuuzi. Masoko matatu si nchi. Kinachofaa hapa chaweza kugonga mwamba kule, na fedha za umma si za kuchezea. Aliyeandika habari hizi angekuwa mezani pale wizarani huenda naye angeunga mkono utafiti wa pili, na angelala usingizi mzuri. Hakuna aliyedanganya kwa kukusudia. Ila kila aliyesema "tusubiri kidogo" alisema akijua kwamba kidogo hicho kitasubiriwa na mwingine.

Daktari alimkuta Kengele nje, kwenye ngazi. Alikuwa amelia na hakujali kuonekana.

"Mama, mimi pia waliniahidi. Nisamehe."

"Wewe unasafiri lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi usiombe msamaha. Msamaha ni wa watu wanaobaki." Kisha likamtoka lililokuwa limemkaa kooni miaka miwili. "Hata nyumbani sikumwimbia. Nimemlea kama bubu. Nyimbo za hapa sikuzivusha geti hata moja."

Daktari aliacha kufuta macho. "Kwa nini?"

"Ulisema wa nje wakipata cha ndani, hamtaona tofauti."

"Nilizungumzia nafasi, mama. Nafasi kituoni. Kumwimbia mjukuu wako?... Hakuna mtu duniani ambaye angekukataza hilo."

 Kengele akaketi kwenye ngazi, pole pole, kama mtu anayeshushwa na wengine.

"Ungesema," alisema.

"Ungeuliza," alisema Daktari, kwa sauti ndogo, na papo hapo akatamani kulirudisha neno lile.

Kesho yake, kabla wachuuzi hawajapanga bidhaa, Kengele alifika karakanani akimtanguliza shemeji yake na sanduku la vifaa.

"Lifungue," alisema.

"Mbona liko wazi, shemeji?"

"Bawaba. Zifungue. Litoe."

Shemeji alikuna kidevu. "Nimetengeneza mageti mengi maishani. Hakuna aliyewahi kuniita kulitibu geti kwa kulikata miguu."

"Unafanya au nikatafute seremala?"

"Ninafanya, ninafanya. Usiniamshie mtaa." Akapiga magoti. Skrubu zilikuwa zimeota kutu, zikalia moja baada ya nyingine. Geti lilipodondoka lilitimua vumbi la mbao, na wote wawili wakapiga chafya. Waliliegemeza ukutani, na Kengele akasimama mahali lilipokuwa na kupaza sauti ile ya korido:

"Waleteni! Wote! Nyeupe na buluu! Waleteni!"

Waliletwa. Mikeka haikutosha, kama ambavyo Daktari alisema tangu mwanzo kwamba haitatosha. Watoto walilala wawili wawili kwa kupishana vichwa na miguu, misumari ikabeba mifuko mitatu mitatu, mwavuli ukapata wenyewe wapya. Ilikuwa fujo, na walezi wawili wasaidizi walinuna. Hadi mwisho wa mwezi Kengele alikuwa amekaukiwa sauti. Ofisa wa halmashauri alipokuja na kufuli jipya kulipokea jengo, alizunguka akatafuta mahali pa kulitia.

"Geti liko wapi?"

"Lile pale, limepumzika," alisema shemeji. "Lilifanya kazi sana."

Muuza viazi alikuwa wa kwanza kuleta mtoto asubuhi ile ya kwanza, mbio, mapema kuliko wote. Binti yake Kengele alikuja mchana. Alisimama nje ya mstari uliochimbwa ardhini na geti kwa kufunguliwa na kufungwa, Kibiriti kando yake akiwa amemshika kidole. Hakuwa tena wa mgongoni. Mbele kidogo ya kituo, ng'ambo ya barabara, palikuwa na shule ya msingi yenye darasa la awali, na mfuko aliobeba mtoto ulikuwa mpya.

"Mlete, mwanangu," alisema Kengele. Alisema kwa sauti ya chini, ya kwanza ya siku hiyo. "Mlete. Geti halipo."

Binti alitazama zile bawaba tatu zilizobaki ukutani. "Amekua, Mlinzi," alisema. "Hahitaji tena kituo chako." Akavuka barabara.

Kengele sasa anauza sabuni ya maji kwenye benchi karibu na lile jengo, ambalo limekuwa ghala la bidhaa wanazonyang'anywa wachuuzi. Bado wanaishi vyumba viwili, pazia lilelile. Bado anaitwa Mlinzi. Anazungumza na Kibiriti sana siku hizi, anamwimbia hata bila kuombwa. Mtoto humsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni. Cheti hakukichukua. Utafiti wa pili unaendelea katika masoko mengine, na yasemekana mageti ya huko yanalindwa vizuri.

Aliyeandika habari hizi alidhani hapo ndipo mwisho, na alikuwa tayari amefunga daftari lake alipokutana na binti akianua nguo katika nyumba moja aliyokuwa akifua. Alimuuliza, bila matumaini ya kujibiwa, kama kunyamaza kwa bibi kulimchelewesha mtoto. Binti alikung'uta shuka kwa hasira hadi likalia.

"Kunyamaza? Yule anajua kunyamaza? Ile sauti yake soko zima inaisikia. Siku ambazo sikuwa na nguo za kufua nilikuwa nakwenda nyuma ya ile karakana, kule mbao zisikokutana, nasimama na mwanangu mgongoni kama mwizi, ili amsikie bibi yake. Muuza viazi alikuwepo. Wengine walikuwepo. Tulikuwa tunasimama hadi wimbo wa kulala, watoto wanatulalia migongoni, ndipo tunaondoka. Kibiriti anazijua zote. Ule wa mwavuli alianza kuuimba kabla hajajua mwavuli ni kitu gani."

Akalikunja shuka, kona kwa kona, kama alivyofundishwa dobini.

"Naye usimwambie," alisema.